Nimepata Muhimbili na Bugando, na nyumbani kuna Doto

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Kitangiri hapa Mwanza na mama yangu na mdogo wangu wa kiume, Doto, mwenye miaka 11. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na Mungu amenijalia nimechaguliwa kusomea udaktari wa binadamu vyuo viwili: Muhimbili kule Dar es Salaam na chuo cha Bugando hapa nyumbani. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wametutaka waliochaguliwa zaidi ya chuo kimoja tuthibitishe kimoja tu. Siku zimebaki sita. Ule ujumbe wenye namba ya uthibitisho nimeusoma mpaka nimeukariri.

Najua wapo wenzangu wanaolia kwa kukosa hata chuo kimoja, kwa hiyo naona aibu kulalamika. Lakini sipati usingizi.

Doto ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Walizaliwa mapacha. Kulwa alitutoka wakiwa na miaka mitatu, kwa homa ya siku mbili na macho ya njano, na wakati ule hakuna aliyetutajia jina la ugonjwa. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Mwaka uliofuata Doto alipimwa Bugando, ndipo tukajua. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, kwa sababu mama anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba na alfajiri lazima awepo mitumbwi inapoingia. Najua dawa zake zote. Akianza kushika goti na kunyamaza, najua kinachokuja kabla hajasema.

Mwezi Machi nikiwa bado bweni, maumivu yalimshika usiku, tena akiwa na homa. Mama alingoja kukuche akidhani yatapita. Walipofika hospitali alikuwa hapumui vizuri, akalazwa siku tisa. Mama hajanilaumu hata mara moja, lakini mimi najilaumu mpaka leo.

Mwalimu wangu wa Kemia anasema kuacha Muhimbili ni wazimu, Muhimbili ni Muhimbili. Mama mdogo anasema mtoto wa kike asome karibu na kwao, na damu ni nzito kuliko maji. Mjomba yuko Mbagala, amesema chumba kipo. Mama anasema, "Fanya unavyoona, mwanangu," halafu anageukia kazi zake.

Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Mkopo wa Bodi nimeshaomba, bado sijajua nitapata kiasi gani. Ada ya Bugando ni zaidi ya mara mbili ya Muhimbili. Mama anasema Mungu atafungua njia. Jirani ameniambia mama amekuwa akiulizia bei ya kiwanja chetu cha Kisesa, ila hilo si la sasa.

Moyoni naona kama nataka Bugando. Nataka kuja kuwa daktari wa damu ya watoto. Je, cheti cha Bugando kina uzito uleule? Na nikienda Dar, nitakuwa nimemtupa mdogo wangu?

Ni mimi,
Dada yake Doto, Kitangiri

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa Kulwa. Nimekaa na barua yako siku mbili, na ninakujibu haraka kwa sababu ya hizo siku zako sita.

Swali la cheti ndilo jepesi kuliko yote, tuliondoe njiani. Udaktari ni miaka mitano Muhimbili na ni miaka mitano Bugando, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na anayekusajili ni Baraza lilelile la Madaktari Tanganyika. Muhimbili wamekuwa wakifundisha madaktari tangu 1963, ni shina la kazi hii nchini. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa 1971 na chuo kikaanza 2003, na tangu hapo wamezaa madaktari ambao leo wameshika hospitali nyingi za Kanda ya Ziwa. Mwalimu wako wa Kemia anakupenda, lakini hapo alipozungumzia jina peke yake amekupa sababu nyembamba.

Nimekuwa muuguzi miaka 31, mingi ya hiyo wodi ya watoto, kwa hiyo ninachokuambia nimekiona. Usiku mmoja aliletwa mtoto wa selimundu, wa kike, miaka kama minne, amekauka maji kiasi kwamba mshipa haupatikani. Daktari tarajali alikuwa kijana mwembamba, alikuwa ameshachoma mara mbili na kukosa, jasho linamtoka. Angeweza kuendelea kuchoma. Akaacha. Akachota maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akalowesha kitambaa, akaufunga ule mkono mdogo, akapiga magoti pale sakafuni akiushika huku anamwimbia mtoto kwa sauti ya chini. Baada ya dakika kumi hivi mshipa ukajitokeza, mara moja tu akaupata. Nilifanya naye kazi mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza alisoma wapi.

Sasa nije Kisesa.

Umeandika mambo mengi kwa kirefu, lakini kiwanja cha Kisesa umekipitisha kwa mstari mmoja ukasema si la sasa. Mwanangu, hilo ndilo la sasa. Mimi nimesimama hapo hapo na sijaondoka.

Bodi ya Mikopo inalipia ada mpaka kiwango ilichojiwekea, tena kwa asilimia inayokupangia kulingana na hali ya nyumbani kwenu. Chuo kikiwa na ada ya juu kuliko hapo, kinachobaki ni cha mzazi. Sijui Bodi itakupa kiasi gani, na wewe hujui, na majibu yao huja baada ya wewe kuthibitisha chuo. Kwa hiyo utachagua gizani, na ukichagua gizani chagua njia ambayo ukijikwaa hutavunjika. Tuseme pengo likawa milioni mbili kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni milioni kumi. Zipitishe hizo milioni kumi kwenye ndoo za mama yako pale Mwaloni. Wewe umekulia dagaa, unajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanakaa nchi kavu na mama anakaa bila mzigo. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa, wanaoza na faida inakwenda nao. Ada haingoji mwezi uchwee. Ikifika tarehe ya mtihani na hujakamilisha malipo, ndipo kile kiwanja kitauzwa kwa bei ya mwenye shida.

Na kikishauzwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili atauza nini?

Najua utakachonijibu. Utasema nikikaa nyumbani sitapanga chumba, bumu, ile posho ya Bodi, litaziba pengo. Hela ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, na kweli ukiipigia hesabu ya mwaka ni pesa ya maana. Lakini fikiria utakuwa unaishije. Saa kumi alfajiri mama anatoka kwenda Mwaloni na wewe unaamka naye. Unamwandaa Doto aende shule, unapanda daladala mbili mpaka Bugando, unashinda kwenye anatomia na baiokemia, jioni unarudi kupika, usiku unasoma sebuleni wakati wageni wanaongea. Bumu likiingia, sukari imeisha, Doto hana sare, jirani anadai. Hakuna dada anayeweza kukaa na pesa mfukoni humo ndani akasema hii ni ya ada. Sikulaumu, na mimi ningetoa. Ila nimewaona mabinti wawili watatu waliosoma kwa namna hiyo, na mwaka wa pili, ambao ni mzito, ndio uliowakwamisha.

Kuhusu Doto nitaongea kama muuguzi, maana hapa ndipo moyo wako ulipo.

Unasema unataka Bugando. Nimerudia barua yako nikitafuta mahali ulipoandika jambo moja unalolipenda kuhusu chuo chenyewe: maabara, walimu, wodi. Halipo. Kila unapotaja Bugando, unataja kliniki ya Doto. Unachoomba ni kukaa karibu naye, na hilo ninalielewa kabisa kwa mtu aliyemzika Kulwa. Lakini mwanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza hamtibu mtu. Ukiwa maabara ya anatomia pale mlimani Bugando, simu iko kwenye begi, Doto akishikwa Kitangiri utajua wakati uleule ambao ungejua ukiwa Upanga, iliko Muhimbili.

Halafu angalia ule usiku wa Machi. Ulikuwa bweni miaka miwili, Doto akapita miaka hiyo miwili akiwa na mama. Siku ile kilichokosekana ni kitu kimoja: hakuna mtu ndani ya nyumba aliyejua kwamba mtoto wa selimundu akipata homa hangojewi kukuche. Wewe ulijua. Ulikijua peke yako, ukaondoka nacho shuleni. Sikuambii hivyo ili uumie zaidi. Ulikuwa na miaka 19, na hakuna mtu mzima aliyekuonyesha namna ya kukigawa. Nakuambia kwa sababu kitu hicho kinaweza kugawiwa wiki hii.

Kwa hiyo kabla hujafungasha, chukua karatasi ngumu, andika kwa herufi kubwa, bandika ukutani karibu na mlango. Homa ikifika nyuzi 38, hospitali siku hiyohiyo, hata saa nane usiku. Kifua kikiuma au pumzi ikiwa fupi, hospitali. Akipauka ghafla au tumbo likavimba upande wa kushoto, hospitali. Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukilegea, ongea ikiwa ya kukokota, hospitali mbio. Nunueni kipimajoto, mfundishe mama kukitumia usiku huu, na kesho mwambie yeye akuonyeshe wewe. Na kwa kuwa Doto ana miaka 11, kuna moja ambalo wavulana huficha kwa aibu: uume kusimama kwa maumivu na kukataa kulala. Hilo nalo ni la hospitali, wala si la kusubiri. Amwambie nani usipokuwepo? Mtafutieni mwanamume mmoja anayemwamini, mwalimu wake au baba wa jirani, azungumze naye mapema.

Maji anywe mengi, folik asidi kila siku, chandarua kila usiku, na kama daktari amemwandikia haidroksiyurea asiruke hata siku moja akijisikia mzima. Kule ziwani wenzake wanapoogelea jioni, yeye abaki ufukweni. Maji ya baridi yanaamsha maumivu, mbali na kichocho. Mpate bodaboda mmoja wa mtaani anayeijua nyumba, namba yake iandikwe juu ya ile karatasi. Siku ya kliniki, mama mdogo aende naye. Yeye aliyesema damu ni nzito kuliko maji atafurahi kupewa kazi, na safari ya kwanza nenda nao wote wawili ili amjue nesi wa pale kwa sura.

Nikishayaweka hayo pamoja, ushauri wangu ni huu: thibitisha Muhimbili.

Nakuambia hivyo nikiwa mtu wa Mwanza ninayeipenda Bugando, na nikijua utakachopoteza. Pale mlimani ungesikiliza wagonjwa wanaoeleza maumivu yao kwa Kisukuma na ukawaelewa, kitu ambacho wanafunzi wengi wanaotoka mbali hawana. Magonjwa ya kanda hii ungekutana nayo mlangoni kila siku. Angekuwepo mfadhili wa kulimaliza lile pengo la ada kwa maandishi, ningekuambia baki, na nisingesita. Kwa hali uliyonieleza hayupo.

Na kuna jambo kuhusu Muhimbili ambalo hakuna aliyekuambia, wakati lingekuwa la kwanza kutajwa kwa mtu anayetaka damu ya watoto. Kazi kubwa ya utafiti wa selimundu nchini imefanyika pale, tangu 2004, wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu. Profesa Julie Makani, ambaye jina lake linajulikana duniani kwa ugonjwa huu na aliyepewa tuzo ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2011, udaktari wake wa kwanza aliusomea hapo hapo Muhimbili. Ukienda Upanga utakuwa umeufuata ugonjwa wa Doto mahali ambapo watu wameukalia miaka mingi wakiuchunguza. Siku ukiwa kwenye mhadhara wa damu na wakaonyesha chembe iliyojikunja kama mundu, darasa zima litaiandika kwenye daftari, na wewe utakuwa unajua ina sauti gani saa nane usiku.

Kurudi kupo. Bugando inapokea madaktari tarajali, unaweza kuiomba. Inafundisha pia shahada ya umahiri ya magonjwa ya watoto, ukija na MD yako, shahada ya udaktari, ya Muhimbili hawatakufungia mlango.

Mbagala nenda kumsalimia mjomba Jumapili, ila usiishi huko. Foleni ya Mbagala mpaka Upanga asubuhi itakula saa zako za kusoma na jioni itakula zilizobaki. Omba hosteli ya chuo mapema, mara dirisha likifunguliwa. Na kwa Bodi, hakikisha cheti cha kifo cha baba na cha kuzaliwa kwako vyote vimehakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na vimeonekana kwenye maombi yako. Yatima asiyeonekana kwenye karatasi anahesabiwa kama mwenye baba. Wakikupa kidogo, rufaa ipo, usiogope kuiandika. Kumbuka tu kuwa ni deni: ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokopa ada kubwa pale ambapo ndogo inakutosha.

Usiku huu, kabla ya yote, ongea na mama. Usimuulize chuo gani, ameshakujibu kadiri anavyoweza. Muulize kuhusu Kisesa. Mwambie umesikia, na mwambie kisiuzwe, kwamba umechagua chuo ambacho hakitakidai. Nadhani anageukia kazi zake kwa sababu anaogopa ukimtazama usoni utaona hesabu anazopiga. Halafu mkae na Doto, umweleze mwenyewe kwamba unakwenda na utarudi likizo. Ana miaka 11, anaelewa. Atakuuliza kama Kulwa angepona iwapo mngejua mapema. Mjibu ukweli, na ulie naye kama kilio kitakuja.

Ile namba ya uthibitisho usimpe mtu wa steshenari akuingizie. Nenda mwenyewe, kaa kwenye kompyuta, soma jina la chuo mara mbili kabla ya kubonyeza, kisha chapisha ukurasa unaoonyesha umethibitisha. Nakala moja weka kwenye faili lako. Nyingine mpelekee mama pale Mwaloni asubuhi, akiwa na ndoo zake, aione mbele ya wenzake.